Mwanangu, umeniuliza kama ni lazima

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako niliisoma juzi usiku, asubuhi nikairudia, nikaona hii siyo ya kujibu kwa mistari miwili kwenye simu. Umeuliza hivi: kama sisi Walutheri tunaamini tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani tu, mbona nyumbani tulishika vile Majilio (zile Jumapili nne za kungoja Krismasi) na Kwaresima, na mishumaa, na sala ya jioni, na sasa wewe una mtoto wa miaka mitatu na mwenzako hakulelewa hivyo, anaona ni desturi tu, je ni lazima na wewe ufanye?

Siyo lazima. Hilo nalisema kwanza kabisa ili ulale vizuri. Ukisoma Ungamo la Augsburg la 1530, lile tamko la imani yetu Walutheri, kifungu cha 15, wazee wetu wanasema sikukuu na taratibu za kanisa zinazoweza kushikwa bila dhambi na zinazoleta amani na utaratibu mzuri, zishikwe, lakini dhamiri za watu zisilemewe kana kwamba hayo ndo yanamwokoa mtu. Na Paulo alishawaandikia Wakolosai kwamba mtu asiwahukumu kwa habari ya chakula wala sikukuu. Kwahiyo mwenzako akisema Mungu hatampenda mtoto wenu zaidi kwa sababu ya mshumaa, amesema kweli tupu, mwambie baba amekubali.

Ila mwanangu, kitu kisichokuwa lazima kinaweza kuwa zawadi, na hapa nina kosa la kukiri kwako maana sijawahi kulisema. Unakumbuka ile Kwaresima ulipokuwa na miaka tisa? Mimi ndo niliyekuchagulia cha kuacha, nikasema pipi na vitu vitamu vyote hapana mpaka Pasaka, alafu nikawa nakagua kama polisi. Siku moja nikakukuta nyuma ya mlango wa chumba chenu umeshika ganda la pipi, umelikunja dogooo mkononi, hukulia, ukaniuliza tu, "Baba, Yesu amekasirika?" Yaani swali lile lilinichoma na mpaka leo linanichoma. Nilichukua majira yaliyowekwa ili mtoto amwone Kristo anayemfia, nikayageuza kuwa sheria ya nyumba yangu, na wewe ukajifunza kujificha. Naomba unisamehe. Mwaka uliofuata ndo mama yako akasema hatumwondolei mtoto kitu, tunamwongezea, tukaanza kusoma Injili ya Marko kidogokidogo kila jioni mezani, iko na sura 16 tu, haichoshi, na nadhani hiyo ndo Kwaresima unayoikumbuka kwa upendo.

Sasa kwanini tulishika. Mimi sikuwa mtu wa kuongea na watoto habari za Mungu, unanijua, maneno yalikuwa yananikwama, baba yangu naye hakuwahi kukaa na sisi akasema kitu. Kalenda ya kanisa ndo iliyonipa maneno. Ikifika Jumapili ya kwanza ya Majilio, ile inayoangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, sikuhitaji kutunga lolote, kulikuwa na somo lake, rangi yake, mshumaa wa kuwasha, na wewe ulikuwa unauliza mwenyewe "leo ni wa ngapi?", basi mazungumzo yameshaanza.

Ile mishumaa ina historia nzuri, sijui kama niliwahi kukusimulia. Mwanatheolojia Johann Hinrich Wichern aliendesha nyumba ya kulelea watoto maskini kule Hamburg, Ujerumani, na watoto walikuwa wanamsumbua kila siku Krismasi bado siku ngapi, ndipo 1839 akawawekea gurudumu la mbao lenye mishumaa mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku za katikati, wakawa wanaona wenyewe. Yaani ilianza kwa ajili ya watoto waliochoka kungoja! Na wewe ulishawahi kuniuliza kitu kuhusu ile ya kwetu. Ikifika Jumapili ya nne wa kwanza umeshaisha karibu wote, wa pili uko nusu, wa nne mrefu mpya, vimepangana kama ngazi, ukataka tuvibadilishe vilingane. Mama yako akakwambia acha, ule mfupi ndo unaonyesha tumengoja kiasi gani. Ulikaa unauangalia mpaka nta ikamwagika kwenye kitambaa.

Watu wengi wanaharakisha Krismasi, ikifika tarehe 26 wameshafunga kila kitu, wakati Krismasi ndo imeanza, inaenda mpaka Epifania, sikukuu ya mamajusi kumwona Yesu, 6 Januari. Na Pasaka ni hivyohivyo. Kwaresima siku 40 (Jumapili hazihesabiwi, maana kila Jumapili ni ufufuo) tunazishika kwa bidii, alafu furaha ya Pasaka ambayo ni siku 50 mpaka Pentekoste tunaimaliza siku moja. Hapo ukitaka ushauri wangu, kama nguvu zenu ni chache msizimalizie kwenye Kwaresima, wekeni kwenye hizo 50. Mtoto mdogo anaelewa furaha haraka kuliko toba.

Na kile kipindi kirefu cha rangi ya kijani, baada ya Jumapili ya Utatu (wiki moja baada ya Pentekoste), karibu nusu ya mwaka, hakuna mshumaa, hakuna sikukuu kubwa mpaka ufike ile ya Matengenezo 31 Oktoba, ya kukumbuka Martin Luther alivyoanza kulitengeneza kanisa. Mimi nakuambia kwa uzoefu hapo ndo imani ya nyumba inaishi au inakufa. Sisi tulibebwa na sala ya jioni tu. Luther aliandika Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, 1529 baada ya kutembelea sharika na kukuta watu hawajui hata Sala ya Bwana, wachungaji wengine nao hawafai kufundisha, na akaelekeza kwamba ni mwenye nyumba ndiye awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa urahisi. Siyo mchungaji peke yake, siyo mwalimu wa kipaimara, mwenye nyumba. Na sala yenyewe ya jioni ni fupi: jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana, ukitaka ongeza ile ya kumshukuru Baba kwa kukulinda siku nzima, kisha anasema ulale mara moja kwa furaha. Hicho kipande cha mwisho nakipenda sana. Hajasema ukae ujichunguze kama umesali vizuri, amesema lala.

Ile miaka biashara yangu ilipoanguka, mimi sikuwa na sala moyoni hata moja, nakwambia ukweli, nilikuwa nakaa pale kitandani kwenu kwa sababu saa imefika tu na nyie mnanisubiri, mnaanza "Baba yetu uliye mbinguni" na mimi nafuata nyuma yenu. Umeuliza tulifanya kwa imani au kwa mazoea. Kuna miezi yalikuwa mazoea matupu, na kwenye hayo mazoea Mungu alinishika kwa sauti zenu.

Kwahiyo anza na kimoja. Usimlazimishe mwenzako, mwombe tu akae na nyie hizo dakika tano, akitaka awashe yeye mshumaa. Mkikosa siku tatu, ya nne endeleeni mlipoishia, msijaribu kufidia zilizopita.

Jambo la mwisho. Unakumbuka kabla ya Jumatano ya Majivu tulikuwa tunaandika Aleluya kwenye karatasi, tunaifungia kwenye droo, kwa sababu Kwaresima hatuiimbi, alafu asubuhi ya Pasaka nyie mnakimbilia kuifungua? Karatasi yako ya kwanza kabisa bado ninayo. Herufi A umeiandika miguu juu na rangi ya njano imevuka mpaka upande wa pili. Nitaileta nikija kumwona mjukuu, muwe na droo.

Mama yako anakusalimia, na mimi.

Baba