Barua kwa mwanangu: Viatu mlangoni

Mwanangu Zuhura,

Hatujambo, goti la mama yako ndilo lile lile.

Umeuliza kama Cosimo de' Medici, yule tajiri wa zamani wa Italia, aliutwaa mji wa Florence kwa fedha za benki yake. Fedha zilikuwapo, sikatai. Mwaka 1433 alipofungwa mnarani, alimpenyezea mkuu wa baraza florini 1,000 za dhahabu, akaponea kwa kuhamishwa mji. Lakini katika daftari la kodi la 1427 tajiri wa kwanza alikuwa Palla Strozzi, si yeye. Wajua nisemavyo: hesabu viatu mlangoni, usihesabu salamu za njiani.

Septemba 1434 likaingia, kwa kura, baraza linalompenda Cosimo. Hasimu wake, Rinaldo degli Albizzi, akakusanya wenye silaha karibu na jumba la serikali, akawangoja wakubwa wenzake. Wale walikuwa wameoana wao kwa wao, kila mtu shemeji ya mwenzake, nani amwamuru nani? Wafuasi wa Cosimo walikuwa vingine: baadhi wakwe wa nyumba kubwa, baadhi watu wapya aliofanya nao biashara, na makundi hayo hayachanganyiki. Kamba zote mkononi mwake.

Palla, mmoja wa waliongojwa, akatokea juu ya farasi, hana silaha, watumishi wawili kwa miguu. Akanong'ona jambo, akageuza farasi.

Nikifika hapo namwona mjomba wako. Ule mwaka wa uenyekiti wa ushirika, usijifanye umesahau, wewe ndiye uliyeosha sahani: arobaini na mbili. Ukoo mzima ulikula pilau letu, kila mtu "mwenyekiti, mwenyekiti". Asubuhi mjomba akaja na baiskeli, akasimama chini ya mwembe bila hata kushuka. Eti tairi linaishiwa upepo, hatafika kituoni. Nikapata kura tisa.

Lakini nisimwonee. Mkewe ni dada wa mpinzani wangu. Angelala wapi usiku ule? Ila na Palla hakupona kwa kukaa katikati: Cosimo aliporudi alimfukuza, akafia Padua mwaka 1462. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo... Hapana. Nilimwahidi mama yako sitamhukumu kaka yake, na sijamhukumu.

Tairi tu nililiona, alipokata kona ya msikiti. Lilikuwa limejaa.

Baba yako