Kabla hujaandika barua ya kumsimamisha masomo

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa kazi Lamu, karibu. Muhula wa kwanza hautaisha kabla hujaletewa mvulana wa Gredi ya 8 au 9 ambaye walimu wote wameshamchoka, nawe utaambiwa uandike barua ya kumsimamisha. Nimefanya ushauri nasaha huku miaka mingi, na ombi langu ni moja: usimtoe darasani kabla hujajua kesho asubuhi atakuwa wapi, na nani, anasoma nini.

Mtoto aliyesimamishwa huku hakai nyumbani akasubiri. Miezi ya kaskazi bahari ni shwari, boti zinataka watu, na nahodha hamuulizi mtu mambo ya shule. Wa Kizingitini atakwenda kuzamia kamba, wa mjini ataswaga punda wa mawe na saruji, wa Mpeketoni atapewa bodaboda. Akishazoea kushika pesa yake, kumrudisha darasani ni kazi nyingine kabisa.

Sheria iko upande wake. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumfukuza mwanafunzi, isipokuwa njia zote za kumrekebisha zimekwisha na yeye na mzazi wake wamesikilizwa. Na hata hapo ni lazima apokewe mahali anaporekebishwa huku akiendelea kusoma. Kifungu cha 36 kinaharamisha viboko. Utasikia wakisema kwamba viboko vikiondoka kinachobaki ni kufukuza tu. Mimi nakataa. Ila usitarajie kuikuta shule ya kurekebisha mtaa wa pili. Mahali hapo itabidi tupatengeneze wenyewe, ndani ya shule tulizo nazo.

Chumba kidogo chatosha, hata pembe ya maktaba, na mwalimu mmoja ambaye kijana anamsikiliza. Afanye kazi zilezile wanazofanya wenzake, na tarehe ya kurudi darasani iandikwe tangu siku ya kwanza, aione. Hili la kazi zilezile si dogo: asilimia 20 ya matokeo ya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, hutoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Ukimkosesha tathmini hizo, adhabu ya wiki mbili itamfuata mpaka mtihani wa Gredi ya 9.

Kisha nenda chuoni kwake, yaani madrasa, ukazungumze na maalim. Mara nyingi kijana anayemtukana mwalimu asubuhi hukaa kimya kabisa mbele ya maalim jioni. Uliza kwa nini. Majibu niliyopata mimi yalinifaa kuliko faili zote: hasomi vizuri na anaogopa kuchekwa, au babake yuko safarini na nyumba inamtegemea yeye.

Mzazi naye muite kwa adabu, na umuite kwa wakati unaowezekana. Anayetoka Faza au Siyu, kisiwani Pate, hupitia Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda hupitika kwa maji kujaa. Ukimwandikia “kesho saa mbili” asipofika, usiandike kwamba hajali. Mpigie, muulize boti inaondoka saa ngapi. Baba akiwa hayupo, mjomba aje. Neno lake lina uzito.

Akiwa anatumia unga, yaani heroini, hilo ni jambo la hospitali, si la bodi ya shule.

Kwa mkubwa wa miaka 17 ambaye kweli darasa limemshinda, chuo cha ufundi cha kaunti ni njia ya heshima, na mtihani wa ufundi wa Gredi ya III wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, humpa cheti kinachotambulika. Lakini mpeleke wewe mwenyewe mpaka aandikishwe. Kumpa karatasi ya maelekezo ni kumfukuza kwa upole.

Na anayerudi darasani, mpokee wewe getini. Mwalimu wa darasa awe ameshaambiwa ataketi wapi, na wenzake wawe wamemnakilia masomo aliyokosa.