Programu ya kuskani michoro kwenye Linux: usianze na dirisha

Anayeanza kuskani michoro yake kwenye Linux huuliza swali nililouliza mimi: programu ipi ni bora? Nilisakinisha hii, nikafuta ile, hadi nikagundua kwamba karibu zote huzungumza na skana kwa njia moja, nayo ni SANE. Simple Scan, Skanlite na XSane, programu zenye madirisha ya kubofya, ni milango mitatu ya nyumba moja. Skana ikikataa kuonekana kwenye mlango mmoja, usitarajie makubwa kwenye mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike scanimage -L. Ikiitaja skana yako, umevuka. Isipoitaja, waache hao akina dirisha, shughulika na dereva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuielewa skana. Skana nyingi za mtandao za siku hizi hufanya kazi kupitia sane-airscan, nyongeza ya SANE, bila dereva wa mtengenezaji. Ikionekana kwa sudo (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi) pekee, tatizo ni ruhusa za mtumiaji. Ipo pia VueScan, ya kulipia, yenye madereva yake yenyewe. Imewaokoa wengi wenye skana kuukuu.

Sasa kuchagua. Mimi huangalia ni ipi itaniruhusu kuzima kila "msaada" wake. Programu za nyaraka zimeundwa kwa ajili ya barua: karatasi iwe nyeupe pe, maandishi yawe meusi ti. Mchoro hautaki hivyo. Niliwahi kuskani picha ya rangi za maji yenye anga hafifu sana, nikaacha mwangaza ujirekebishe wenyewe, nikahifadhi JPEG, nikamrudishia mwenyewe picha yake. Siku chache baadaye nikaikuza faili: anga hakuna, ni weupe mtupu. Rangi ambayo skana haikuirekodi, hata ukiipeleka GIMP, programu ya kuhariri picha, haitarudi.

Tangu siku hiyo nimekaa na XSane. Sura yake ni ya kizee na madirisha yake yametawanyika kama nguo zilizoanuliwa haraka, lakini inaonyesha grafu ya mwanga na kuniachia niamue weupe uanzie wapi. Grafu ikirundikana yote kwenye ukingo wa kulia, jua rangi zako hafifu zinakatwa. Skanlite ni rahisi zaidi kwa macho, na wasiopenda vitufe vingi wataipenda. Simple Scan naitumia kwa risiti.

Kuhusu mipangilio: dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) inatosha kwa michoro mingi ya A4, tena kina cha biti 16 kwa kila rangi, yaani viwango vingi zaidi vya rangi, kama skana inakubali. Karatasi ya A4 kwa dpi 600 ni takriban pikseli 4960 kwa 7016. Kwa biti 8 ni kama MB 104 bila kubanwa, na biti 16 huzidisha mara mbili. Andaa diski. Hifadhi TIFF au PNG, zisizopoteza kitu cha picha. JPEG iwe nakala ya kutuma tu. Zile dpi 9600 zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni pikseli za kubuniwa na programu, zipuuze.

Jambo moja halitibiwi na programu yoyote: skana nyembamba za CIS (aina ya kihisi kinachokaa karibu na kioo) huona vizuri kilichogusa kioo tu. Karatasi iliyokunjamana au kazi ya kubandika vipande itatoka na ukungu. Hapo tafuta skana ya CCD, ile nene yenye lenzi, au piga picha kwa kamera.

Mchoro ukizidi kioo, uskani kwa vipande vinavyopishana vizuri, kisha viunganishe kwa Hugin, programu ya kuunganisha picha. Ila funga mwangaza kwenye thamani moja kabla ya kipande cha kwanza, la sivyo mishono itaonekana.

Kwa mfululizo mrefu mimi huachana na madirisha kabisa:

scanimage --mode Color --resolution 600 --depth 16 --format=tiff > mchoro01.tiff

Majina ya machaguo hutofautiana kati ya skana na skana. Amri scanimage -A itakuonyesha ya kwako. Amri hiyo naihifadhi kwenye faili la maandishi ndani ya folda ileile ya michoro, ili mchoro wa 40 uskaniwe sawasawa na wa kwanza.