Pia ya goti inayohama kila mara: afanyiwe upasuaji?

Dada uliyeuliza kama binti yako afanyiwe upasuaji, pole sana. Binti kuhamwa na pia ya goti mara 3 si jambo dogo, na hofu yako ya kisu naielewa. Ila ikishahama mara 2, kurudia ni rahisi mno.

Kwenye upasuaji, kwa kawaida hutengenezwa upya kano ya upande wa ndani inayoishika pia, kwa kano inayotolewa nyuma ya paja. Wengi haiwahami tena. Lakini kwanza apigwe MRI (picha ya ndani ya goti): mfereji wa mfupa wa paja ambamo pia huteleza ukiwa bapa, kano peke yake huenda isitoshe. Gegedu (utando laini unaofunika mifupa ya goti) likishachubuka, maumivu yanaweza kubaki.

Mimi nilifanyiwa. Wiki za mwanzo, kukunja goti tu kulinitoa machozi. Mazoezi asiyakatishe, mpira asubiri miezi 6 au zaidi.