Nilimpita shangazi barabarani nikidhani namfuata Yesu

Kiangazi cha mwaka 2005 nilikuwa natoka Mbande kwenda Kongwa kwa baiskeli, nimefunga madumu mawili ya mafuta ya alizeti nyuma. Mbele yangu nikamwona shangazi yangu, ndoo ya maji kichwani, uso ameuinamisha kwa ajili ya ule upepo wetu wenye vumbi. Aliposikia kengele alisogea pembeni, akanisalimia kama Wagogo tunavyosalimiana: "Mbukwa, mwanangu." Sikuitikia. Nilikanyaga pedali nikapita, huku moyoni nakemea kwa jina la Yesu.

Huyo ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, na shangazi, aliyekuwa mjane tayari, akanichukua kwenye tembe lake nikakua na watoto wake. Nilikula mlenda wa mkono wake mpaka nikaoa.

Naandika haya kwa ndugu zangu tuliookoka, hasa walio wachanga katika imani. Mara kwa mara nakutana na kijana aliyegombana na nyumba yao nzima, na ukimuuliza anakwambia anabeba msalaba. Huenda ni kweli. Mimi pia nilisema hivyo, kwa uhakika uleule, na nilikuwa nimekosea.

Niliokoka mwaka 1999, kwenye mkutano wa injili mjini Dodoma. Kabla ya hapo nilikuwa mlevi wa pombe ya mtama, mtu wa kuokotwa njiani. Baada ya sala ile niliacha. Nikaanza biashara ndogo ya alizeti, nikaanza kuaminika hata kukopeshwa. Wema huo siukani, na hadi leo bado nimeokoka.

Nyumbani kwetu Ukristo haukuwa mgeni. Wamisionari wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927, kwa hiyo pande hizi utakuta familia nyingi ambazo hata babu wa babu alibatizwa. Baba yangu alikwenda ibadani kila Jumapili. Lakini mvua zikichelewa, mtama ukianza kunyauka, alikaa pia na wazee wenzake kwenye tambiko la mnyama mweusi, na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Mimi niliuona. Mwaka mmoja baada ya kuokoka, wazee wakiwa wamekusanyika, nilisimama katikati yao na Biblia mkononi, nikamwambia baba mbele ya rika lake kwamba anamtumikia shetani na kwamba babu yuko motoni. Baba hakujibu neno. Alichukua fimbo yake akaondoka, na kwa miaka miwili hakunisemesha. Kanisani nilipotoa ushuhuda wa jambo hilo walinipigia makofi. Mchungaji alisoma Mathayo 10, pale Bwana anaposema, "sikuja kuleta amani, bali upanga," na kwamba amekuja kumfitini mtu na babaye. Nikaona nimetimiza andiko.

Andiko hilo ni la kweli, sitaki mtu aniambie Yesu hakulisema. Wapo watu ambao kumfuata kwao kuliwagharimu nyumba, urithi, hata maisha. Ila miaka mingi baadaye ndipo niliposoma kwa utulivu Petro anavyowaandikia watu walioteswa kweli kweli: "Maana mtu wa kwenu asiteswe kama mwuaji, au mwivi, au mtenda mabaya, au kama mtu ajishughulishaye na mambo ya watu wengine." Soma tena orodha hiyo. Mtu mwenye kiherehere amewekwa mstari mmoja na mwuaji. Petro alijua kuna mateso ambayo Mkristo anajitakia mwenyewe, kisha anayapaka rangi ya msalaba. Kukataa kula nyama ya tambiko halikuwa kosa langu, na leo pia ningekataa. Lakini nani alinituma kumvua baba nguo mbele ya wenzake? Ningeweza kwenda kwake usiku wa kuamkia siku ile, tukakaa wawili, nikamwambia, "Baba, mimi kesho sitakula, dhamiri yangu hainiruhusu, lakini kuni nitapasua na wageni nitawapokea." Najua angekasirika. Najua pia asingenyamaza miaka miwili.

Hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuja baadaye.

Mke wangu aliharibikiwa mimba mwaka 2003, mwezi wa tano wa ujauzito. Mwaka 2004 ikatoka nyingine, mwezi uleule wa tano. Aliyepita hapo anajua unavyotembea ukitafuta sababu. Tukapelekwa kwa mtumishi mmoja mjini, aliyejulikana kwa unabii. Tulikesha, tukatoa sadaka ya kuvunja laana ya ukoo, na usiku wa tatu akasema: "Namwona mwanamke wa upande wa baba. Macho yake ni mekundu. Ndiye anayekula watoto wenu."

Hakutaja jina, wala hakuhitaji. Shangazi yangu alikuwa na macho mekundu, yenye maji, anayakuna na kuyapepesa mchana kutwa. Mke wangu alinitazama nikamtazama, tukaanza kulia wote. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, na humo nikamtaja shangazi.

Tafadhali elewa maneno hayo yalifanya nini. Kijiji ni kidogo. Ndani ya mwezi mmoja hakuna aliyenunua ubuyu wake. Watoto walimrushia mawe akienda kisimani. Binti yake alirudishwa na mumewe. Msimu wa 2005 kwenda 2006 ukame ulipokuwa mkali, wakati hata wenye ng'ombe walikuwa wanahesabu debe la mahindi, mimi niliyekuwa nampelekea chakula nilikuwa nimekata mguu kwake. Aliishi kwa kusaidiwa na baba, ambaye naye hakuwa na kitu. Kwingine nchini wazee wa kike wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, wakidhaniwa ni wachawi. Shangazi hakuuawa, na hilo silihesabu kuwa wema wangu.

Mwaka 2007 mimba ya tatu ikaingia. Jirani yetu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akamshika mke wangu mkono akampeleka hospitali bila kuniuliza. Daktari alimpima akatueleza kwamba mlango wa kizazi ulikuwa dhaifu: mimba ikianza kuwa nzito unafunguka wenyewe kabla ya wakati. Ndiyo maana zote mbili zilitoka mwezi wa tano. Akaushona, akamwambia apumzike, na uzi ukatolewa siku za kujifungua zilipokaribia. Binti yetu alizaliwa mwaka 2008. Uzi tu. Nilikaa nje ya wodi nikiwaza ule usiku wa tatu wa mkesha.

Ukadhani hapo nilikimbilia kwa shangazi. Sikukimbia. Nilijiambia labda mkono wake ulikuwemo kidogo. Mtu akishajenga nyumba juu ya uongo, haibomoi kwa siku moja.

Kilichonivunja ni muuguzi aliyekuja kijijini kwetu kukagua macho. Wilaya ya Kongwa imesumbuliwa na vikope, ule ugonjwa ambao wataalamu wanauita trakoma, kwa muda mrefu kiasi kwamba watafiti wamekuwa wakija kuuchunguza tangu miaka ya 1980. Alitueleza kwamba ni vijidudu, vinapita kwenye mikono, vitambaa na nzi. Mtu akiambukizwa mara nyingi, ukope wa juu unapata makovu, unajikunja kwa ndani, na kope zinaanza kukwangua kioo cha jicho kila anapopepesa. Jicho linakuwa jekundu, linatoa machozi, mwisho linapofuka. Kisha akasema wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu ndio wanaoshinda na watoto wadogo, na watoto ndio wenye vijidudu vingi. Wanawafuta nyuso, wanalala nao.

Nilikumbuka ncha ya khanga ya shangazi. Alikuwa akinifuta nayo macho asubuhi, yakiwa yameganda usaha, kisha anajifuta yake kwa ncha ileile. Macho yale niliyomhukumu nayo huenda aliyapata kwa kunilea mimi.

Nilikwenda kwake na kilo kumi za unga na magoti yangu. Hakunifungulia. Alisema akiwa ndani, "Wewe si yule aliyenipita?" Nikarudi mara ya pili, akanipa kigoda nje nikakaa peke yangu mpaka jua likazama. Mara ya tatu akatoka akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Hukunitukana hapa. Ulinitukana kule mbele za watu. Nenda ukaniokote kule."

Ushauri wangu mzito uko hapo, ndiyo maana nimesimulia kwa urefu. Sisi waliookoka tunapenda kutubu chumbani, machozi kidogo, basi. Kama uliharibu hadharani, tengeneza hadharani. Nilirudi kwenye lile kanisa nikaomba dakika tano. Sikupewa. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akanipa nafasi kwenye mkutano wa kijiji, na pale nikasema kwamba nilimsingizia, nikaeleza habari ya mimba na habari ya vikope. Wengine waliguna. Mzee mmoja aliniambia kumwita mtu mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, na kwamba shangazi angetaka ningefikishwa mahakamani. Alisema kweli.

Kwa hiyo, ndugu, mhubiri yeyote akikutajia ndugu yako kuwa ndiye chanzo cha msiba wako, kwa jina au kwa dalili, inuka utoke. Usisubiri sadaka. Kama una ugonjwa, nenda hospitali na uombe ukiwa njiani. Mungu hakasiriki ukipanda daladala kwenda kupimwa. Na kama umeshaamini neno kama hilo, jiulize mwaka huu umeitikia salamu ya nani na umekataa ya nani.

Nisije nikaeleweka kwamba kila mgawanyiko ni kosa la mwamini. Yule mama jirani aliyempeleka mke wangu hospitali, mumewe alikuwa akimpiga kwa sababu ya kwenda ibadani. Alikuwa hajamkosea kitu: chakula kilipikwa, shamba lililimwa, mdomo wake ulikuwa na adabu. Huyo ndiye wa ile sehemu ya pili ya Petro, anayeteswa kwa sababu ni Mkristo, na asione haya. Lakini kanisani aliambiwa avumilie mpaka mume aokoke, na ushauri huo naupinga kwa nguvu zote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye ndoa aliye na haki ya kumpiga mwenzake. Katiba, Ibara ya 19, inalinda uhuru wa kuabudu. Siku hizi polisi wana dawati la jinsia na watoto. Paulo mwenyewe, walipotaka kumchapa, alidai haki yake ya uraia wa Rumi. Kubeba msalaba hakumzuii mtu kutoa taarifa.

Magomvi ya makanisa yenyewe, ya nani achukue kiwanja na nani awe mweka hazina, sitayasemea sana. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakizika mama yao kwa ibada mbili. Ukiwa ndani ya ugomvi wa namna hiyo, kaa na ndugu zako wakati wa matanga, usikae na kundi lako.

Na wewe ambaye baba au mama yako bado anashiriki mila usizozikubali: mtunze kwanza. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Mimi nilikuwa natoa fungu la kumi kamili huku baba yangu akila uji wa chumvi. Siku nilipomwezekea baba bati bila kumhubiria neno, ndipo aliponiuliza kwa mara ya kwanza, "Hivi huko kwenu mnasali vipi?" Hajaokoka kwa maana tunayoitumia sisi. Tunasali pamoja kabla ya kula, na tambiko likifika ananijulisha mapema ili nipange safari ya Kibaigwa.

Shangazi alifanyiwa upasuaji wa kope mwaka 2009. Jicho la kulia lilipona maumivu na linaona. La kushoto lilikuwa limekwisha. Kovu kwenye kioo cha jicho halirudi. Kama angepelekwa miaka ile minne niliyokuwa nampita, sijui. Nimemuuliza Mungu swali hilo mara nyingi.

Ameshanifungulia mlango. Hajawahi kusema amenisamehe, wala sijamdai aseme. Dada wa mke wangu bado yuko kwenye lile kanisa na hajakanyaga kwetu tangu ule mkutano wa kijiji; namtumia salamu kila Krismasi na Pasaka. Binti yetu sasa ni mkubwa, na likizo anapenda kulala kwa bibi yake huyo. Asubuhi anamnawisha uso kwa maji safi, kisha anampa kitambaa chake cha peke yake, kile chenye mshono wa buluu, ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa.