Ndugu wa Wete, usiinunue hiyo injini bila waya zake

Usitume hizo pesa. Umeandika kwamba una Starlet EP82 ya kabureta, injini imeanza kula oili na kutoa moshi, na kuna mtu hapa Unguja kakupatia 4E-FE ya nozeli (inayopuliza petroli kwa umeme badala ya kabureta) kwa bei nzuri: "injini tupu, waya utaunga mwenyewe". Umeuliza kama mauntingi zitakaa, utainyanyua vipi hapo uwani, utie oili gani, na kadi ya gari itakuwaje. Mie nimekwama kwenye maneno matatu ya huyo muuzaji. Waya utaunga mwenyewe! Niliambiwa maneno hayo hayo, kwa sauti ya upole kabisa, na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuuza injini.

Mauntingi hazina taabu. 4E-F yako na hiyo 4E-FE ni ukoo mmoja, zote cc 1331, na giaboksi yako ya mkono itafunga. Kama hiyo injini imetoka kwenye gari ya otomatiki, utahamisha flaiwili na klachi zako. Ila hapo hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kwa kuwa chuma kimeingia na bolti zimekaa, mtu anaona kazi kubwa imekwisha, kilichobaki ni kumwita fundi umeme jioni moja.

Injini uliyonayo sasa haina madai mengi: mafuta kwa presha ndogo, umeme wa koili, waya wa stata, altaneta, taa ya oili na geji ya joto. Injini ya nozeli haiwaki mpaka kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikubali. Kontroli boksi inasoma presha ya hewa ndani ya manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini) kwa sensa ya vakyumu, inasoma joto la maji, joto la hewa, mkao wa throtoli, na mapigo yanayotoka kwenye distributa, ndipo inaamua nozeli zifunguke muda gani. Kila kimoja kina waya wake, na si kila waya umeumbiwa volti 12. Sensa ya vakyumu na ile ya throtoli zinalishwa volti 5 zinazotoka ndani ya kontroli boksi yenyewe, na ethi (waya wa hasi) ya sensa nayo inarudi huko huko, haifungwi popote kwenye bodi. Anayekwambia waya ni waya tu, ama hajui, ama anajua na anataka uondoke na mzigo wake.

Injini niliyouziwa mie ilikuwa nzima. Nataka hilo lieleweke, maana kila ninapohadithia watu hudhani nilipewa chuma kibovu. Vijana wa muuzaji waliitoa kwenye nusu kata (gari iliyokatwa nusu) kwa haraka, na furushi la waya wakalikata kwa koleo pale linapopenya ukuta kuingia ndani ya gari. Upande wa injini waya zikabaki zinaning'inia. Upande wa pili, wenye soketi zinazoingia kwenye kontroli boksi, ulikwenda na bodi, na bodi ikenda kwa wanunuzi wa skrepa. Nilipouliza nikaambiwa kontroli boksi za Starlet zote ni moja, akaniteremshia moja kutoka kwenye rafu, pamoja na soketi alizozikata kwenye gari nyengine kabisa. Vitu vitatu kutoka gari tatu, na bei ya kila kimoja mbali. Nikalipa.

Fundi umeme akaja na ile taa ya balbu na sindano, akaanza kuunga kwa rangi. Rangi zilipofanana alisokota, zilipokataa alikisia. Kuna waya mmoja ulimshinda, akaugusisha moto wa betri "tuone unakwenda wapi". Ulikuwa ndio ule wa volti 5. Hakukutoka cheche wala harufu, wala hakuna aliyeshtuka. Taa ya injini kwenye dashibodi ikazimika, na ilipofunguliwa switchi tena haikuwaka.

Hii ishike, itakuokoa hata kwa gari nyengine: ukifungua switchi kabla ya kupiga stata, taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, kontroli boksi haina moto, au haina ethi, au waya wa volti 5 umegusa mahali, au imekufa. Usiendelee kupiga stata, usibadilishe plagi, usimwage pesa kwenye kitu chochote mpaka taa hiyo iwake.

Kontroli boksi ya pili ilikuwa ghali kuliko ya kwanza, kwa sababu muuzaji sasa alishajua nimekwama. Nilipoifunga, gari ikashika, ikanguruma, ikazima. Tena. Ikashika, ikazima. Watu wa barazani wote wakageuka mafundi: huyu anasema pampu, yule anasema plagi, mwengine anaapa ni petroli ya siku hizi. Nikabadilisha pampu, nikasafisha nozeli, nikanunua na distributa. Vyote nilivyovitoa vilikuwa vizima! Vimo kwenye kasha stoo hadi leo, na kila kimoja nilikinunua upya kwa sababu waya zilikatwa na mtu aliyeona uvivu kufungua dashibodi.

Aliyekata ubishi ni mzee mmoja fundi wa Kiembe Samaki, na hakuja na mashine yoyote. Alifunua kile kiboksi kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, akaunga tundu la TE1 na tundu la E1 kwa kipande cha waya, akafungua switchi na kuitizama taa ya injini. Ikamemeta mara moja, ikatulia kidogo, ikamemeta mara nne. Namba 14. Akaniambia, "Mwanangu, kontroli boksi yako haijibiwi." Kwenye Toyota za zama hizo kontroli boksi hutuma amri ya cheche kwa waya uitwao IGT, na igniter, kile kifaa kinachoiamrisha koili ipige cheche, hurejesha jibu kwa waya wa IGF kwamba cheche imepigwa. Jibu lisipofika, kontroli boksi inafunga nozeli makusudi, ili petroli isimwagike bila kuungua. Ndiyo maana gari ilikuwa ikishika halafu inazima. Waya wa IGF ulikuwa umesokotwa pamoja na waya wa geji ya mizunguko. Akaukata, akaupeleka panapostahili, akaulehemu kwa risasi, na gari ikawaka ikatulia.

Ziandike na hizi uzibandike ndani ya boneti: 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya vakyumu, 41 ni ya throtoli. Na zile ethi za kontroli boksi, zenye alama E01 na E02, zinafungwa kwenye chuma cha injini yenyewe. Huku kwetu hewa ya bahari inaota kutu kwenye kila bolti, kwa hivyo zipige msasa mpaka chuma king'are, ufunge, ndipo utie grisi juu. Ethi mbovu inaleta vituko ambavyo utavitafuta kila mahali ila hapo.

Yule muuzaji sijamsamehe. Alikuwa na gari zima lililokatwa nusu, mbele yake, na kuzitoa waya zote pamoja na soketi zake ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Hakuniambia kwamba kilichokatwa ndicho kinachowasha injini. Niliporudi akanambia dhamana yake ni ya chuma, mambo ya umeme hayamhusu. Injini ya nozeli isiyo na umeme wake ni chuma cha kufungia mashua, na alinitoza bei ya injini! Huyo wako anazungumza lugha ile ile. Na wewe uko Pemba. Mie nilikuwa napanda daladala kwenda kumgombeza, na bado sikupata kitu. Wewe mzigo ukishapakiwa bandari ya Malindi hapa Unguja na kuteremshwa Wete, kuurejesha ni nauli nyengine, uchukuzi mwengine, na muuzaji hapokei simu.

Sharti langu ni moja, na sitaki ulipunguze hata kidogo: injini, furushi la waya zima na kontroli boksi vitoke gari moja, na viwashwe mbele ya macho yako, au ya mtu unayemwamini, kabla pesa haijatoka mkononi. Furushi zima maana yake kuanzia soketi za nozeli mpaka soketi zinazoingia kwenye kontroli boksi, bila ya mkato wala tepu mpya nyeusi katikati. Kontroli boksi ya Toyota ina kibandiko chenye namba inayoanzia 89661. Ipige picha, kisha uhakikishe ni hiyo hiyo iliyowasha injini. Uliza kama ni ya gia za mkono au ya otomatiki, kwa sababu ya otomatiki inangojea ishara kutoka kwenye giaboksi ambayo wewe huna. Injini inaweza kuwashwa ikiwa chini: betri, waya zake, kontroli boksi, pampu na galoni ya petroli. Muuzaji akikwambia haiwezekani, muage. Na aliye Unguja kwa niaba yako aje na geji ya kupimia kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Tofauti baina ya silinda na silinda isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba.

Kuna njia bora zaidi, ambayo wengi hawaitaki kwa kuwa bei yake ya mwanzo ni kubwa. Tafuta Starlet ya nozeli iliyogongwa nyuma au iliyooza bodi, inunue nzima, iburute mpaka uwani. Hapo unapata waya, kontroli boksi, pedali, geji na, zaidi ya yote, tangi.

Tangi hukulitaja kabisa, na hilo limenitisha kuliko waya. Gari za kabureta mafuta hupita kwa presha ndogo sana. Nozeli zinataka pampu ya umeme inayosukuma kati ya kilo 2.5 na 3 kwa sentimita ya mraba, pamoja na paipu ya kurejesha mafuta ya ziada tangini. Ukiiacha mipira yako ya zamani chini ya gari na kuitia presha hiyo, itapasuka, na itapasuka injini ikiwa ya moto, jirani na ekzosi. Mipira yote inunuliwe mipya, ile iliyoandikwa kwamba ni ya injini za nozeli, na klipu zake ziwe za skrubu. Hapa usibane matumizi hata kama umebaki na nauli tu. Watoto wanapanda gari hiyo.

Tena ungeanza na suala ambalo hukujiuliza: moshi wenyewe unatoka lini? Kama ni wa buluu asubuhi ukiwasha, au baada ya kusimama muda mrefu, kisha ukapungua, tazama kwanza sili za valvu. Ni kazi ndogo mno ukiilinganisha na unayotaka kuianza. Kama unatoka ukikanyaga mafuta kupanda mlima, na kwenu Pemba milima ndiyo barabara yenyewe, hapo ringi za pistoni zimechoka. Hata hivyo 4E-F nyengine ya kabureta, iliyopimwa kompresheni, inakaa mahali pa hiyo ya zamani bila kugusa tangi wala waya. Itawaka siku hiyo hiyo. Haina sifa ya kutamba nayo barazani, lakini utakwenda kazini.

Kunyanyua: usitumie tawi la mwembe, hata jirani akikwambia yeye alifanya. Azima fremu ya bomba na winchi ya mnyororo, betri iwe imeshafunguliwa, na asiwepo mtu chini. Na injini ikiwa bado iko chini, tia mkanda wa taimingi mpya na oili sili za kranki, mbele na nyuma, maana baadaye kuvifikia ni taabu kubwa. Risiti ya muuzaji iwe na namba ya injini kama ilivyopigwa kwenye bloku, utaihitaji ukienda kubadilisha kadi.

Sasa mpigie huyo mtu. Mwambie akutumie picha tatu: injini ikiwa na waya zake, ncha ya furushi upande wa kontroli boksi, na kibandiko cha 89661. Zitie hapa kabla hujamjibu chochote kuhusu pesa. Nikiziona soketi zake zimo nitakwambia. Nikiona ncha zilizokatwa kwa koleo, nitakutafutia mwenyewe mtu mwengine huku Unguja, na nitakwenda kusimama pale mpaka injini iwake.