Matundu ya kutolea ishara kwenye osiloskopu za zamani

Ndugu, umeuliza kama matundu ya kutolea ishara ya osiloskopu, kifaa kinachochora ishara za umeme kiooni, yana kazi yoyote karakanani. Yanayo, tena kubwa. Lile la mbele, la wimbi la mraba la kilohezi 1, wengi hulitumia kurekebisha probu (waya wa kupimia) tu: unazungusha skrubu mpaka kona za wimbi zikae sawa, zisichongoke wala kulala. Lakini pia liingize kwenye amplifaya yenye hitilafu, ufuate ishara hatua kwa hatua mpaka pale inapopotea. Tanguliza kapasita njiani kuzuia volti za DC (umeme wa mwelekeo mmoja).

Ninalolipenda zaidi ni la nyuma, linalotoa ishara iliyoingia kwenye chaneli 1 (ingizo la kwanza). Osiloskopu ya Tektronix 465 hutoa hapo takriban milivolti 50 kwa kila kigawanyo (mraba mmoja wa gridi) cha kioo. Ukiweka chaneli kwenye milivolti 5 kwa kigawanyo, ishara hafifu inatoka imekuzwa mara 10, na mara nyingi hiyo inatosha kaunta ya masafa kuisoma vizuri. Ukiiunganisha na mzigo wa ohmu 50, inapungua nusu.

Kama yako ina tundu la wimbi la msumeno (volti inayopanda taratibu kisha kushuka ghafla), lipeleke kwenye jenereta ambayo masafa yake hubadilishwa kwa volti. Pitisha ishara ya jenereta kwenye filta, inayotoka uirudishe kwenye ingizo la osiloskopu, na mwitikio wote wa filta utajichora kiooni.